Hesabu iliyotobolewa kwenye chuma: kufufua mashine ya kamari ya miaka ya 1930

Mashine nyingi za aina hii hufika kwa fundi zikiwa na lalamiko moja: mkono hauvutiki. Mwenye nayo ameirithi kwa babu yake, imelala stoo miongo kadhaa, na siku alipoamua kuipandisha sebuleni akatumbukiza sarafu, akavuta, mkono ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu. Hapo ndipo hasara inapoanza. Ubavuni mwa kasha kuna kipande cha chuma chenye meno kilichowekwa kwa makusudi, ili mkono ukishaanza kushuka usirudi juu mpaka ufike mwisho. Kiliwekwa kuwakomesha wajanja wa baa waliokuwa wakivuta nusu na kuachia, wakiyachezea magurudumu yakae watakavyo. Kwa hiyo mkono uliokwama njiani haurudi wala hauendelei, na anayeulazimisha huishia kuvunja kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Kwa hiyo fundi mzoefu hauvuti mkono. Anaigeuza mashine, anafungua mlango wa nyuma na kumulika ndani kwa tochi.

Nazungumzia mashine zilizotengenezwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na hasa zile za kampuni ya Mills Novelty ya Chicago. Msomaji wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba mashine hizo ndizo babu wa dubwi ataelewa upesi: sanduku linameza sarafu, picha tatu zinazunguka na kusimama, na mara moja moja sarafu zinatapikwa. Lakini dubwi linakula umeme. Mashine ya Mills ya mwaka 1931 haina waya hata mmoja. Nguvu yote inatoka kwenye bega la mchezaji. Yeye ndiye anayevuta springi, na springi ndizo zinazorusha magurudumu na kuendesha kila kitu kingine. Analipia mchezo, na kazi ya kuuendesha mtambo anaifanya mwenyewe. Sijaona biashara nyingi zilizopangwa vizuri kuliko hiyo.

Aliyeanzisha mpango huo ni Charles Fey, mhamiaji kutoka Bavaria, Ujerumani, aliyekuwa na karakana San Francisco. Mwishoni mwa karne ya 19 alitoa mashine aliyoiita Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye viatu vya farasi, nyota, alama za karata na kengele, na ilikuwa inalipa yenyewe bila kumwita mwenye baa. Zawadi kubwa, kengele tatu mstari mmoja, ilikuwa sarafu 10 za senti 5, yaani nusu dola. Fey hakuziuza mashine zake. Aliziweka kwenye baa na kugawana mapato na wenye baa nusu kwa nusu. Tetemeko la 1906 na moto uliofuata viliteketeza karakana yake, ndiyo maana Liberty Bell zilizosalia leo ni chache mno. Wakati huo Mills walikuwa wameshaichungulia kazi yake. Inasimuliwa kwamba mashine moja iliibwa baa ikasafirishwa hadi Chicago. Iwe kweli au la, muda si mrefu Mills nao walikuwa wanauza Liberty Bell yao.

Matunda tunayoyaona hadi leo kwenye mashine hizi, yaani cheri, plamu na machungwa, yalikuja kwa sababu ya polisi. Serikali za miji na majimbo zilipoanza kupiga marufuku kamari, watengenezaji walidai kwamba mashine zao zinauza chingamu tu, na picha za matunda zinaonyesha ladha. Neno BAR, ambalo likikaa mara tatu mstari mmoja ndiyo bahati kubwa, lilitokana na nembo ya chingamu hiyo. Ilikuwa hila ya kisheria. Sheria zile zilishabadilika, lakini cheri bado inazunguka kwenye simu za vijana wetu.

Turudi kwenye mlango wa nyuma. Mtambo wote, magurudumu na kila kilichoungana nayo, umekaa juu ya bamba moja, na baada ya kulegeza vishikizo unatoka mzima kwa kuuvuta kinyumenyume. Hii ni sifa moja ya Mills ambayo mafundi hawaachi kuisifu. Kampuni ilijua mashine zitakaa baa za mbali, zitamwagiwa bia na kupigwa mateke, na mtu wa kuzihudumia atakuja na begi dogo la zana. Akikuta mtambo mbovu, aliuchomoa, akachomeka mwingine, na ule mbovu akaenda kuutengeneza kwa nafasi yake.

Ukiwa umeuweka mtambo mezani, utakutana kwanza na harufu ya mafuta yaliyochacha. Watu waliozihudumia mashine hizi kwa miaka mingi waliamini kwamba chuma kikikwama dawa yake ni mafuta. Kila mmoja akamimina yake juu ya yale ya mwenzake. Mafuta yakikaa hukauka, yakachanganyika na vumbi, moshi wa sigara na unga wa sarafu, yakawa gamu ya rangi ya kahawia inayoshika kila kiungo. Nusu ya mashine zinazoitwa mbovu hazina kilichovunjika. Zimegandishwa na watu waliozipenda.

Gamu hiyo humaliza kwanza sehemu inayoitwa saa. Si saa ya kuonyesha wakati. Ni kifungu cha gia ndogo kinachoishia kwenye kijifeni chepesi. Mkono ukifika mwisho, saa inaachiwa. Gia zinazunguka, na kijifeni kinapigana na hewa ili mwendo usiwe wa kasi mno. Inapojikunjua, saa inaachia vizuizi vitatu, kimoja baada ya kingine, kuanzia kushoto. Kila kizuizi kina rola ndogo inayoangukia kwenye pengo la gurudumu lenye mapengo 20, na gurudumu linasimama papo hapo. Huo ndio ule mlio wa ta, ta, ta unaomkausha mchezaji mate mdomoni. Baada ya mlio wa tatu mtambo unakagua kama kuna malipo, kisha unafungua komeo la mkono kwa ajili ya mvuto ujao.

Sasa, kijifeni kikiwa kimegandishwa na gamu, saa inasimama katikati ya kazi. Mtambo unabaki ukidhani mchezo haujaisha, na komeo halifunguki. Ndiyo sababu mkono hauvutiki. Mara nyingi fundi anaweka ncha ya kidole kwenye kijifeni, anakisukuma taratibu kabisa, na mchezo ulioanzishwa na mtu aliyekwisha kufa unamalizika mbele ya macho yake: magurudumu yanasimama moja, mbili, tatu, na mkono unakuwa huru.

Lakini hiyo si tiba. Tiba ni kufungua. Fundi wa siku hizi anapiga picha kwa simu kabla ya kugusa skrubu, kisha anatoa saa, anaizamisha kwenye tina au mafuta ya taa, anaipiga brashi laini hadi shaba ionekane, anaikausha kwa upepo wa kompresa. Halafu linakuja jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalikubali kirahisi: kuacha sehemu kubwa ya mtambo ikiwa kavu. Kwenye ncha za ekseli za saa linawekwa tone dogo la mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, kwa sindano. Visahani vya malipo havipakwi kitu. Vidole vya kukagua havipakwi kitu. Mafuta ya kopo la kupulizia, yale ambayo kila mwenye gari analo kwenye buti, ndiyo adui mkuu. Leo yanalegeza, mwakani yamekuwa gamu nyingine.

Springi nazo zina kesi yao. Kwenye mtambo mmoja ziko nyingi, kubwa na ndogo, na kila moja ilipimiwa kazi yake. Mtu akikuta magurudumu yanazunguka kwa uvivu, husema springi zimechoka. Anakwenda duka la vifaa, ananunua ngumu zaidi, anafunga. Magurudumu yanaruka vizuri wiki mbili, kisha pini inakatika au meno yanasagika, kwa kuwa nguvu ya ziada lazima itue mahali. Uvivu ule ulikuwa wa uchafu. Kanuni ya mafundi ni kusafisha kwanza, kujaribu, halafu ndipo springi ishtakiwe.

Baada ya hapo ndipo mtu anafika mahali ambapo kwangu ndipo utamu wote ulipo.

Kila gurudumu limefungwa pamoja na sahani za chuma zenye matundu, moja kwa kila aina ya malipo. Matundu yamepangwa kulingana na picha. Penye cheri pana tundu kwenye sahani ya cheri, na penye kengele pana tundu kwenye sahani ya kengele. Magurudumu yakishasimama, safu ya vidole vya chuma inasogea na kupapasa sahani hizo. Kidole kikikuta chuma, kinarudi. Kikikuta tundu kwenye gurudumu la kwanza, la pili na la tatu, kinaingia hadi ndani na kuachia kisahani chembamba kilicho chini ya bomba la sarafu. Kisahani kinarudi nyuma, na sarafu zilizokuwa zimekalia tundu lake zinaanguka kwenye bakuli la mbele. Hakuna anayehesabu. Idadi imo kwenye unene na nafasi ya chuma.

Kwa hiyo fundi anayekagua mashine hii anaweza kufanya jambo ambalo mchezaji hakuweza kamwe: kuhesabu. Kila gurudumu lina vituo 20. Zidisha 20 mara 20 mara 20, unapata mipangilio 8,000. Iwapo BAR imechapwa mara moja tu kwenye kila gurudumu, basi BAR tatu mstari mmoja zina nafasi moja kati ya 8,000. Kwa sarafu za senti 5, hiyo ni dola 400 zinazopita mlangoni, kwa wastani, kwa kila jekipoti moja, ilhali kikombe cha jekipoti cha mashine ya senti 5 kilibeba dola chache tu. Kilichobaki hakikuwa faida yote, maana cheri na machungwa yanalipa vijisenti njiani na kumpa mtu moyo. Lakini fundi akiwa na kalamu na karatasi anaweza kupitia sahani tundu kwa tundu na kujua mwenye mashine alikusudia kubaki na kiasi gani kwa kila dola. Hahitaji ruhusa ya kampuni wala neno la siri.

Anaona pia ujanja wa mpangilio. Mbinu ya kawaida ilikuwa kujaza alama nzuri kwenye magurudumu mawili ya kwanza na kulinyima la tatu. Mchezaji anaona kengele, anaona kengele nyingine, anashika pumzi, halafu linakuja limau, ambalo halilipi chochote. Na kwa kuwa dirisha linaonyesha pia picha zilizo juu na chini ya mstari, kengele ya tatu mara nyingi inaonekana pale pale, hatua moja tu kutoka kwenye bahati. Anayedhani alikosa kidogo hajaona sahani.

Hata hivyo, hesabu ya kiwandani haikuwatosha baadhi ya wenye mashine. Mafundi wanaozifungua hukuta wakati mwingine kipande kidogo cha bati kimefungwa kwenye gurudumu la mapengo, kikiwa kimeziba pengo moja. Watu wa biashara hiyo walikiita mdudu. Kazi yake ni kuizuia rola isitumbukie hapo. Ikifika kwenye pengo la BAR inateleza juu ya bati na kuangukia pengo linalofuata. Weka mdudu mmoja kwenye gurudumu la tatu, na ile nafasi moja kati ya 8,000 inakuwa sifuri. Nje hakuna kinachobadilika. BAR bado inapita dirishani, karatasi ya zawadi bado imebandikwa, kikombe cha jekipoti kimejaa na kinaonekana kupitia kioo.

Wachezaji nao hawakuwa malaika. Walitumia vipande vya risasi na bati badala ya sarafu, ndiyo maana Mills waliweka ngazi ndogo nyuma ya kioo inayoonyesha sarafu kadhaa za mwisho zilizoingia, ili mwenye baa akikatiza atupie jicho. Walitoboa makasha kwa keekee na kupitisha waya. Na mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Nevada, walitokea watu waliogundua kwamba saa ya mashine ilikuwa sahihi kupita kiasi. Kwa kuwa magurudumu yalirushwa kwa nguvu ile ile na kusimamishwa kwa muda ule ule, mtu mwenye jicho na mapigo thabiti aliweza kupima mvuto wake na kuyasimamisha karibu na alipotaka. Kasino zilipoteza fedha nyingi kabla watengenezaji hawajaongeza kifaa cha kuvuruga mwendo wa saa. Naikumbuka habari hii kila ninapoona mtambo wenye kifaa hicho cha ziada. Fundi asiyejua historia yake anaweza kudhani ni kitu kilichochomekwa na mtu asiyejua kazi, akakitoa.

Kwamba mashine hizi zimesalia ni ajabu ndogo. Mwaka 1934 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipigwa picha akizipasua kwa nyundo kubwa kabla hazijatoswa baharini. Nyingi zilikuwa mali ya jambazi Frank Costello. Nevada iliruhusu kamari Machi 1931, lakini sehemu kubwa ya Marekani iliendelea kuzisaka, na sheria ya shirikisho ya 1951 ikabana usafirishaji wake kutoka jimbo moja hadi jingine. Hata leo uhalali wa kuwa na mashine moja sebuleni unategemea jimbo unaloishi. Mengine yanairuhusu ikishakuwa na umri fulani, mengine hayataki kabisa. Zilizopona zilifichwa chini ya ngazi, nyuma ya ukuta, ghalani.

Kuhusu sura ya nje, niseme wazi kwamba nina upande. Mashine kama War Eagle ya Mills, iliyotoka 1931 na tai aliyetanda mabawa mbele ya kasha, ina uso wa alumini wenye rangi kwenye mabonde yake, juu ya kasha la mwaloni. Wafanyabiashara wengi huivua yote, wakaing'arisha hadi ikawa kioo, wakapaka rangi mbichi, vanishi nene, karatasi mpya za matunda. Inapendeza, na inauzika. Lakini alumini iliyosagwa na mashine ya kung'arishia inapoteza kingo za manyoya ya tai, na hazirudi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, mswaki wa zamani na subira ya jioni kadhaa hutoa uchafu mwingi kuliko watu wanavyodhani. Karatasi za magurudumu zikiwa zimechanika kabisa, weka nakala, na zile za zamani zihifadhi kwenye bahasha ndani ya kasha.

Nakala zenyewe zimeleta balaa nyingine. Nyuso za tai zinasubiwa upya, makasha ya mwaloni yanachongwa upya, na mtambo wa kweli uliookotwa mahali ukitiwa humo, mnunuzi anauziwa mashine ya 1931 ambayo robo tatu yake ni ya juzi. Ndiyo maana mtu makini huangalia nambari iliyogongwa kwenye kasha na ile ya mtambo. Zisipolingana si lazima uwe utapeli, kwa sababu wenye mashine walikuwa wakibadilishana mitambo wenyewe. Ila bei izungumzwe upya.

Jaribio la mwisho halichezwi kwa kuvuta na kungoja bahati. Fundi anayageuza magurudumu kwa mkono hadi kwenye kila mpangilio unaolipa, anaupitisha mtambo taratibu, na kuhesabu sarafu zinazoanguka. Zikitakiwa 10 zikaja 8, anarudi kwenye visahani kutafuta kilichopinda au sarafu iliyokaa ubavu. Sarafu za kujaribia hazina tabu. Senti 5 ya Marekani ina uzito wa gramu 5 na kipenyo cha milimita 21 na ushei tangu karne ya 19, hivyo iliyotoka mitambo ya serikali mwaka huu inaingia bila ubishi kwenye mashine ya 1931.

Jaribio hilo haliwezekani tena kwa mashine za sasa. Kampuni ya Bally ilileta umeme na bakuli la kulipa mamia ya sarafu kwa mara moja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza ya mfumo ambao kompyuta inachagua namba kwanza, kisha magurudumu yanasimama pale yalipoamriwa. Tangu hapo gurudumu ni pambo. Fungua dubwi la Manzese au Kawangware, utakuta bodi ya kijani na vijidude vyeusi. Nafasi ya kushinda imo humo, imeandikwa, lakini si kwa maandishi ambayo wewe au mimi tunaweza kuyapapasa kwa kidole.

Limebaki swali la yule mdudu wa bati, ambalo mafundi hawakubaliani. Wapo wanaomwacha mahali pake kwa hoja kwamba ni sehemu ya maisha ya mashine, na wapo wanaomtupa. Mimi ningemtoa, kwa sababu watoto wa nyumba watakaovuta mkono huo wanastahili angalau ile nafasi moja kati ya 8,000. Kisha ningemfunga kwa uzi kwenye kipande cha kadi, nikaandika alitoka gurudumu gani na pengo gani, na kumning'iniza ndani ya mlango wa nyuma. Fundi atakayefuata akitaka kumrudisha, skrubu yake ipo.